Maji Matamu Hukaa Juu

Mbuzi wetu mwekundu alianza kulamba mtungi.

Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokiona. Mtungi ulikaa kivulini nyuma ya tembe letu, juu ya mawe matatu. Mbuzi akiwa na kiu huingiza mdomo ndani ya mtungi, na hapo ndipo anapofukuzwa. Huyu hakuwa na kiu. Alilamba tumbo la mtungi kwa nje, polepole, kama mbuzi wanavyolamba udongo wa kando ya ziwa.

Nilimsogeza. Nikapitisha kidole pale alipokuwa akilamba. Kidole kilitoka na unga mweupe, mwembamba kuliko majivu. Nikauonja. Ilikuwa chumvi.

Sikumwambia mtu. Mimi si mwepesi wa kusema. Nilijiuliza tu: chumvi imetoka wapi, nasi ndani ya mtungi tunatia maji ya kisima?

Siku hiyohiyo mama yangu, Felista, alionja mlenda niliopika akaweka tonge chini.

"Yustina, chumvi umetia mara ngapi?"

"Mara moja, mama."

"Mara moja kwa kijiko au kwa koleo?"

Baba alicheka. Mimi nilitazama chini. Kesho yake mama alipika mwenyewe, na chumvi hakutia hata chembe. Mlenda ukawa uleule. Mama hakunitania tena.

Baadaye yakaja mengine. Maharage yalichemka tangu asubuhi mpaka jioni yakabaki magumu. Sabuni haikutoa povu. Jirani yetu Anastazia alilalamika kwamba chai yake ya maziwa imekatika. Nyumba zote za balozi wetu wa nyumba kumi zilichota katika kisima kimoja, na nyumba zote kumi zilikuwa na shida ileile.

Mwaka huo ulikuwa 1973. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Shule niliacha nikiwa darasa la nne, lakini kisomo cha watu wazima kilikuwa kimeanza, nami nilijiandikisha. Tulisoma kwa Mwalimu Martha, saa kumi alasiri, mara nne kwa wiki. Niliweza kuhudhuria kwa sababu kisima kilikuwa karibu. Nilichota maji, nikatwanga, nikapika, na bado nikawahi darasani. Kisima kikifa, maji yangekuwa ya bomba la mjini. Huko watu walipanga ndoo tangu adhuhuri. Ningerudi jua likizama, na darasa lingekwisha bila mimi. Kila nilipoonja maji yale nilifikiri jambo hilo moja.

Sisi tulikaa kati ya mji wa Singida na Ziwa Singidani. Maji ya ziwa ni ya chumvi, kila mtu anajua. Hata ng'ombe huyanywa kwa kusitasita. Maji yetu matamu yalitoka korongoni. Korongo hilo huanza kwenye majabali upande wa mji, hupita karibu na nyumba zetu, halafu huingia ziwani. Mvua ikinyesha, maji hupita juu ya mchanga. Kiangazi maji hujificha ndani ya mchanga. Mama wa baba yangu alichimba kisima humo akiwa msichana, na zamani zile kilikuwa kifupi. Mtoto aliweza kuinama akachota kwa kibuyu.

Kisha mji ukakua. Zilijengwa ofisi, nyumba za wafanyakazi, maduka, maghala. Watu walihamia kila mwezi. Malori yalianza kuja korongoni kuchukua mchanga. Baba yangu, Alute, alipata kazi ya kupakia. Alikuwa mtu wa nguvu na aliipenda kazi ile. Tukipita mjini alinionyesha ukuta mmoja mrefu akasema, "Huu umesimama kwa mchanga wangu." Sote tuliona fahari.

Miaka miwili baadaye, maji kisimani yalianza kushuka. Kwetu, kisima kikishuka, mtu hukifuata chini. Ndivyo walivyofanya wazee, na kisima kirefu humletea mchimbaji sifa. Mama alipika pombe ya mtama, baba akaita majirani, wakaja na majembe. Walichimba kimo cha watu wawili. Anastazia alisimama juu akisema, "Chimba tu, Alute, mwishowe utatokea Manyoni ukapande treni." Saa tisa maji yalibubujika. Baba alipanda juu akiwa na matope mpaka kwenye nyusi, akacheza. Watu wakasema hakuna kisima kirefu kama hiki mpaka Ikungi.

Chini ya mwezi mmoja baadaye, mbuzi akaanza kulamba mtungi.

Sasa watu walinung'unika. Baba alikuwa na jibu lake. Alisema tumesimama kwenye tabaka baya. Chini ya maji mabaya kuna maji mazuri, kwa hiyo tuchimbe tena. Akapanga Jumamosi ya pili. Mama akaanza kulowesha mtama.

Mimi nilikuwa na shaka, lakini sikujua ni shaka gani. Ndipo nilipoanza kupima.

Sikuwa na kifaa. Nilikuwa na mikono, ulimi, na daftari la kisomo. Nilipanda na korongo kuelekea majabali. Kuna kona moja ambako malori hayakufika, maana mawe makubwa yameziba njia. Pale mchanga ulikuwa bado mwingi. Nilifukua kwa mikono. Mkono ulipozama mpaka kiwiko, maji yakaingia taratibu. Nikayaonja. Yalikuwa matamu, kama yale niliyoyajua utotoni. Nikashuka mpaka kisimani. Huko mchanga ulikuwa umekwisha kabisa, na malori yalikuwa yameacha udongo mgumu mweusi.

Kisha nilifanya jambo jingine. Nilikwenda kisimani alfajiri kabla ya watu wote, nikashusha kopo taratibu, nikachota maji ya juu tu. Yalikuwa na chumvi kidogo sana. Jioni, watu walipokwisha kuchota, nikachota tena. Yaliwasha ulimi. Nilirudia siku tatu. Kila siku niliandika kwa penseli.

Jambo hili lilinisumbua kuliko hata darasa. Kisima ni kimoja, maji ni yaleyale. Kwa nini asubuhi yana ladha moja na jioni nyingine?

Siku ya Alhamisi alipita mtu kwa baiskeli. Jina lake Urbano. Alikuwa fundi wa maji aliyekaa mjini, mtaa wa Utemini, na kazi yake mojawapo ilikuwa kusoma nguzo iliyosimikwa ziwani ili kujua ziwa limepanda au limeshuka. Tulimzoea kumwona akipita, lakini sikuwahi kusema naye. Siku hiyo aliegesha baiskeli akaomba maji.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, binti."

Nikampa kibuyu. Alipiga funda moja akalishikilia mdomoni. Kisha akameza kama mtu amezaye dawa.

"Haya maji mnayanywa tangu lini?"

Nikaingia ndani, nikatoka na daftari, nikampa kwa mikono miwili. Alichuchumaa akasoma. Mwandiko wangu ulikuwa mbaya, basi alisoma muda mrefu, huku nikichora chini kwa kidole cha mguu.

"Nani alikufundisha kupima asubuhi na jioni?"

"Hakuna."

"Ulitaka kujua nini?"

Nilisema kwa sauti ndogo kwamba nilitaka kujua chumvi inalala wapi usiku.

Hakunicheka. Aliniambia swali hilo ndilo lenyewe. Kisha akauliza baba yuko wapi. Nilipomwambia kwamba Jumamosi wanachimba tena, alisimama haraka. Aliniomba nimwambie baba asianze mpaka yeye aje. Nilimwambia mama, naye mama ndiye aliyemwambia baba.

Jumamosi watu walikuja na majembe. Pombe ilikuwa tayari. Balozi wetu, mzee Antipasi, alikaa kwenye kigoda. Urbano alifika na mfuko wa kitambaa. Baada ya salamu alitoa chupa ya kioo nyeupe, mrija wa tete kama ule wa kunywea pombe, kijiko, na chupa nyingine ndogo yenye chai ya rangi isiyo na sukari. Watu wakatazamana. Anastazia akauliza kama fundi amekuja kuposa au kutibu.

Urbano alijaza chupa nusu kwa maji ya ziwa aliyoyachota njiani. Kisha akaweka kijiko karibu na maji hayo, akamimina chai juu ya kijiko tone kwa tone. Chai haikuchanganyika. Ilikaa juu, nyekundu, na maji ya ziwa yalikaa chini, meupe. Watu wakasogea. Hata mzee Antipasi aliacha kigoda chake.

"Bwana Alute," Urbano alisema, "shika mrija. Unywe ya juu."

Baba alitumbukiza mrija kidogo akavuta. "Chai," alisema. "Haina sukari."

"Sasa shusha mrija mpaka chini."

Baba akashusha, akavuta, akatema. Watu walicheka sana. Mtu mmoja akamwambia asimwage, ni ya fundi.

Urbano alingoja kicheko kiishe. Akasema kwamba kilichokuwa ndani ya chupa ndicho kilichokuwa chini ya miguu yetu. Maji ya mvua ni mepesi, kwa hiyo hukaa juu. Maji ya chumvi ni mazito, kwa hiyo hukaa chini.

Mzee Antipasi akauliza chumvi hiyo inatoka wapi, maana hapa si pwani.

Urbano alisema kila mvua huosha mawe na udongo, nayo hubeba chumvi kidogo, kidogo sana, hata ulimi hauioni. Maji yote ya pande hizi huteremka ziwani. Ziwa letu halina mto wa kutokea. Maji hutoka kwa njia moja tu: jua huyakausha. Jua huchukua maji, chumvi hubaki. Mambo haya yameendelea miaka mingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Basi ziwa lina chumvi, na ardhi ya karibu na ziwa nayo ina maji ya chumvi chini.

"Basi bibi yake Yustina alipataje maji matamu hapahapa?" mama aliuliza.

"Kwa sababu ya mchanga," Urbano alijibu. Mchanga hunywa mvua, huiweka, na huitoa polepole kiangazi chote. Mchanga ukiwa mwingi, maji matamu huwa mengi, nayo huyakandamiza ya chumvi yabaki chini. Mchanga ukiondolewa, mvua haina pa kukaa. Hukimbia ziwani kwa siku moja. Tabaka la maji matamu hubaki jembamba kama chai ile. Asubuhi limekusanyika kidogo. Watu wakichota mpaka jioni limekwisha, na ya chini hupanda. Ukichimba zaidi, unaufikisha mrija kwenye chumvi.

Nilielewa chumvi ililala wapi usiku. Ilikuwa palepale, chini kidogo tu, ikingoja.

Baba alikuwa bado ameshika mrija. Alitazama korongo, mahali palipokuwa na mchanga, kisha akasema taratibu:

"Kwa hiyo kisima chetu nimekipakia mimi mwenyewe kwenye lori."

Urbano alisema si yeye peke yake. Mji nao una sehemu yake. Pale palipokuwa na nyasi na miti, mvua ilikuwa inatembea. Sasa kuna mabati na barabara ngumu, mvua inapiga mbio. Miti ya majabalini imekatwa kuchomea matofali. Maji yanayoshuka ni mengi kwa mara moja, nayo yana nguvu. Yanabeba udongo mpaka ziwani. Alituuliza kama hatujaona ufuko wetu umekuwa matope. Tulikuwa tumeona. Wavuvi wa perege walikuwa wakisema samaki hawazai tena upande wetu, na mbuzi walikwenda mbali kutafuta udongo wa kulamba. Sisi tulidhani haya ni mambo matatu tofauti.

"Basi mji usijengwe?" kijana mmoja wa kupakia aliuliza kwa hasira. "Tuambie, fundi. Watu walale wapi? Na sisi tule nini?"

Lilikuwa swali la haki. Urbano alikiri kwamba mji utajengwa, na yeye mwenyewe amejenga Utemini. Akasema kazi ni kuchagua pa kuchukua na pa kuacha. Chini ya majabali, njia ya Ikungi, kuna changarawe ya mawe yaliyooza. Ukiichekecha inafaa ukutani, na haihifadhi kisima cha mtu. Malori yaelekezwe huko. Korongo lipumzike.

Baba akauliza, "Na leo? Watu wako hapa na majembe. Tuchimbe wapi?"

Urbano alinigeukia. "Pa kuchimba anapajua huyu. Ameandika."

Watu wote walinitazama. Nilimnyooshea Urbano daftari ili asome yeye. Hakulipokea.

"Soma wewe," alisema.

Sikuwahi kusoma mbele ya watu nje ya darasa. Nilisoma: "Kona ya mawe. Mpaka kiwiko. Tamu. Kisimani, asubuhi. Chumvi kidogo. Kisimani, jioni. Chumvi nyingi." Nilisoma siku zote tatu, neno kwa neno, na kila neno lilikuwa na njia yake ndefu ya kutoka. Nilipomaliza, Anastazia alinisogelea. Akasema, "Kumbe huyu ana sauti."

Tulikwenda kwenye kona ya mawe. Walichimba kisima kipana na kifupi, kimo cha kiuno tu. Wanaume waliona aibu kuacha kisima kifupi hivyo. Mmoja alichimba kwa siri kidogo zaidi pembeni, mama akamnyang'anya jembe. Maji yaliingia polepole. Ilibidi kungoja. Mzee Antipasi alionja wa kwanza, akafumba macho, akampa baba kibuyu.

Kazi ya Jumamosi moja haikutosha. Urbano alituonyesha jinsi ya kupanga mawe kukata korongo, ukuta mdogo wa kufika magotini, na mwingine hatua hamsini kuelekea majabali. Maji hupita juu ya mawe, mchanga hubaki nyuma. Kisima kile kirefu tulikifukia. Kwenye kingo tulipanda mikonge na nyasi. Balozi alipitisha kwamba zizi lisiwe karibu na kona ya mawe, na lori lisiingie korongoni. Lori moja lilikuja hata hivyo. Baba alikwenda akasimama mbele yake. Alizungumza na dereva muda mrefu, kisha akapanda naye kumwonyesha njia ya changarawe. Tangu siku ile alipakia huko. Kazi ilikuwa nzito zaidi, kwa maana changarawe lazima ichekechwe, na mgongo ulimuuma. Hakuficha kwamba ulimuuma.

Mvua za kwanza zilibomoa ukuta mmoja. Tuliupanga upya, mawe makubwa chini. Mvua zilipokwisha, nyuma ya kila ukuta palikuwa na mchanga mpya, safi, wa kufika magotini. Mwaka huo kisima kifupi kilitoa maji mpaka Oktoba, na Novemba tulichota kwa zamu, ndoo mbili kila nyumba. Siwezi kusema tulirudisha mchanga wote. Mji bado unakua, na ufuko bado una matope. Lakini maharage yanaiva adhuhuri, sabuni inatoa povu, na upande wa mdomo wa korongo nyasi zimeota tena. Ndege wakubwa weupe wa ziwani hushuka hapo asubuhi.

Mimi sikukosa darasa hata siku moja.

Alasiri moja Urbano alipita kutazama kuta. Alinikuta na baba tukirudisha mawe yaliyokuwa yameteleza. Nilikuwa na daftari kiunoni, maana nilikuwa nakwenda kisomo. Urbano alimwambia baba kwamba binti huyu angefaa hata kusoma nguzo ya ziwani, kama angekuwa na darasa la saba.

Baba alijifuta jasho. "Akili anazo," alisema. "Ila shule aliichoka mwenyewe."

Alisema bila ubaya. Alikuwa amewaambia watu hivyo kwa miaka mingi, na nadhani alikuwa ameshaamini. Mama alikuwa ameshaamini. Nami kila mara nilitazama chini.

Niliweka jiwe mahali pake. Nikamtazama usoni.

"Sikuichoka, baba," nilisema. "Nilitolewa ili nichote maji. Nilitaka kubaki."